Masika Tuliyompiga Picha Mbeyu

6 Aprili, Malindi

Mvua imeanza. Imeanza wiki ileile niliyochagua kuanza filamu yangu, na Salman ananicheka tangu asubuhi.

Nimeamua kuandika humu kila siku ya kazi, hata kama ni mstari mmoja. Ni agizo la Nyokabi, aliyenifundisha kuhariri nilipokuwa Nairobi na ambaye bado hunitumia ushauri kwa simu. Anasema asiye na kampuni nyuma yake lazima awe na kumbukumbu zake mwenyewe. Mimi sina kampuni. Nina kamera niliyoizoea kwenye harusi za watu, maikrofoni ya harusi hizohizo, na Salman wa Shela anayerekodi sauti, naye nilimwokota harusini.

Hadithi ni ya mjane anayeitwa mchawi na ndugu wa marehemu mumewe kwa sababu wanalitaka shamba lake. Sikwenda mbali kuitafuta. Huku kwetu kila ukoo una mzee aliyewahi kulikimbia boma lake kwa ajili ya neno hilo.

Mwigizaji nilimpata mwezi uliopita kwenye harusi moja huko Sabaki. Mama mmoja alisimama katikati ya watu akamwigiza bwana harusi anavyoficha kwamba viatu vinambana, na bwana harusi mwenyewe akacheka hadi akavivua. Anaitwa Mbeyu. Anasuka makuti ya kuezekea, na anaishi peke yake tangu binti yake Jaha aolewe Kuruwitu. Nilipomsimulia hadithi akauliza, "Huyo mjane ana ulimi?"

"Anao, Mama."

"Basi nitakuja."

9 Aprili

Mvua. Hatukutoka.

12 Aprili, Sabaki

Siku ya kwanza. Tunapigia picha kwa Mbeyu mwenyewe, maana hatuna uwezo wa kukodi nyumba nyingine. Nyumba yake ni ya udongo na makuti, ila jikoni ameezeka mabati, na onyesho la kwanza ni la jikoni. Mvua ikapiga mabati. Salman akavua vipokea sauti masikioni akanitazama. "Sidi, hapa hamna maneno. Ni mvua tupu."

Nilitaka kulia mbele ya watu. Nikampigia Nyokabi.

"Usipigane na mvua," akaniambia. "Iingize kwenye hadithi. Mwigizaji apaze sauti kwa sababu ya mvua, kama mtu yeyote afanyavyo kwake. Mkimaliza, rekodi mvua peke yake, utaihitaji ukihariri. Na hao watu umewalisha?"

Sikuwa nimewalisha. Tukala mbaazi na mahamri, tukaanza upya. Mbeyu akawa anapiga kelele ya kuushinda mvumo wa mabati huku akimenya muhogo, anamgombeza mgeni bila kumwangalia, na onyesho likawa zuri kuliko nilivyoliandika. Narudi nyumbani nimelowa, nimefurahi kama mwehu.

13 Aprili

Lewis kaanguka kwenye tope na suruali ya kuigizia. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, anaigiza shemeji mwenye tamaa. Ni mzuri wa sura na anajua hivyo. Kila tukimaliza anataka kujiona kwenye kamera.

16 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Tulirekodi sauti ya matone tu.

20 Aprili, Sabaki

Leo nimepata kile nilichokuwa nakitafuta tangu nilipoanza kushika kamera.

Lilikuwa onyesho la uani, mjane anaposhtakiwa mbele ya ukoo. Nilikuwa nimemwandikia Mbeyu maneno machache ya kujitetea. Akanisikiliza nikimsomea, akatikisa kichwa.

"Nimewapikia watu hawa maisha yangu yote, leo waniite mchawi, nami niseme haya tu?"

"Wewe ungesemaje, Mama?"

"Washa mashine yako."

Akasimama palepale mvuani. Lewis akasema maneno yake, akamnyooshea kidole. Mbeyu akamwacha amalize. Kisha akasema, polepole, bila kupaza sauti:

"Mnaniita mchawi. Haya, ni mchawi. Niliwaroga mkashiba mwaka wa njaa. Niliwaroga watoto wenu wakaangukia mikononi mwangu wakiwa hai. Na leo nawaroga tena. Atakayelima shamba hili atalima jina langu likiwa mdomoni mwake. Akila, anikumbuke. Akilala, anisikie."

Lewis alisahau kwamba ana jibu la kutoa. Alirudi nyuma, na hakuwa anaigiza. Salman alikuwa akifuta macho kwa kiwiko, maikrofoni kaishika juu yetu. Nami sikusema "kata" kwa muda mrefu, kwa kuwa sikutaka iishe.

Majirani waliokuwa wakitazama kutoka kwenye ua wakapiga makofi. Mmoja wao hakupiga. Ni Kenga, mdogo wa marehemu mume wa Mbeyu, ambaye shamba lake limepakana na la Mbeyu. Alitazama, akageuka, akaenda zake.

"Shemeji yangu hapendi michezo," Mbeyu akasema, akaenda kubadilisha nguo.

21 Aprili

Lewis ameomba kipande cha jana amwonyeshe ndugu yake. Nimemtumia. Nilikata nikaanzia pale Mbeyu anaposema "Haya, ni mchawi," maana ndipo pana nguvu.

24 Aprili

Mto Sabaki umepanda. Mashamba ya bondeni yamezama, na watu wanachota maji popote wanapoyaona.

27 Aprili, Malindi

Swabra, jirani yangu, alikuja asubuhi na simu mkononi. "Sidi, umemwona huyu mchawi wa Sabaki aliyekiri?"

Ni Mbeyu. Ni kipande changu. Mtu ameandika juu yake kwamba mwanamke huyu amekamatwa akiroga mvuani, na kimeshazunguka kwenye makundi ya simu hadi Kilifi. Lewis hayumo, kwa kuwa mimi nilimkata. Mimi na Salman hatuonekani. Yuko mama mmoja tu, amelowa, anasema anawaroga watu.

Nilimpigia Lewis nikamtukana. Akaapa kwamba alimtumia ndugu yake tu. Ndugu yake naye alimtumia rafiki yake tu.

Jioni nimesikia kwamba mtoto wa jirani wa Mbeyu amekufa kwa kuhara. Kisima chao kiliingiliwa na maji ya mto. Kila mtu anajua hivyo. Lakini watu wanazungumza kuhusu kile kipande.

29 Aprili, Sabaki

Nilimkuta Mbeyu barazani anasuka makuti. Pembeni yake yalikuwa yamerundikwa mengi ambayo wenyewe hawakuja kuyachukua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kaa. Umekuja na uso wa msibani."

Nikamwambia tuache filamu. Nikamwambia aende kwa Jaha mpaka mambo yapoe. Hakuinua macho.

"Nikikimbia watasema nimekimbia. Mchawi ndiye hukimbia." Akavuta kuti jingine. "Jana nilikwenda kwenye maombolezo ya yule mtoto. Mimi ndiye niliyempokea alipozaliwa, Sidi. Mama yake alinisogezea kiti. Lakini Kenga alisimama akasema kwa Kigiriama, mbele ya watu wote, kwamba *mutsai* haketi na wafiwa. Mchawi haketi na wafiwa. Hakuna aliyemjibu. Mama wa mtoto akainama, akakichukua kile kiti."

Akanipiga begani kwa ukuti.

"Wewe ndiye fundi wa mambo haya. Wafundishe kwamba ni mchezo."

30 Aprili

Nyokabi anakubaliana na Mbeyu. "Usijifiche. Waite majirani, waonyeshe filamu inavyotengenezwa, waone makosa, waone mkicheka. Mtu akishaona kamera iko wapi haogopi tena." Salman hakupenda. "Watu wenye hofu hawaendi kusomeshwa," alisema. Nikamwambia ananikatisha tamaa. Akaenda kuazima projekta.

4 Mei, Sabaki

Sijui nianzie wapi.

Tulikusanyika mchana katika darasa la shule anayofundisha Lewis, madirisha tumeyaziba kwa magunia. Walikuja wengi kuliko madawati. Nilionyesha kila kitu: Lewis akianguka topeni, Salman akipita mbele ya kamera na mwavuli, Mbeyu akikosea jina la mjane na kujicheka mwenyewe. Watu walicheka. Nilimwona mama wa yule mtoto nyuma kabisa, naye alitabasamu kidogo. Nikafikiri, tumepona.

Kisha nikaonyesha onyesho la uani, zima, kuanzia Lewis anapomshtaki. Nikaeleza kwamba ni hadithi, kwamba mjane huyo hayupo, nimemtunga mimi.

Kenga akanyanyua mkono, akasimama. Alikuwa na adabu sana.

"Dada Sidi, nakushukuru. Mimi sikusoma, nataka kuelewa. Maneno ya mwalimu Lewis uliyaandika wewe?"

"Ndiyo."

"Na yale ya shemeji yangu, ya kuroga shamba. Nayo uliyaandika?"

Mbeyu alikuwa amekaa mbele karibu yangu. Aligeuka akanitazama. Najua sasa kwamba alikuwa akiniomba. Wakati ule sikulielewa lile jicho. Nilikuwa najivuna kwa ajili yake. Nilitaka wajue wana mtu wa namna gani kati yao.

"Hapana," nikasema. "Yale aliyatunga mwenyewe, palepale. Hakuandikiwa hata neno moja."

Kenga akaketi. Mama wa yule mtoto alikuwa wa kwanza kuinuka. Wengine wakamfuata wakipita mbali na benchi la Mbeyu, na yeye akabaki amekaa, mikono mapajani, anaitazama shuka nyeupe ukutani ambayo haikuwa na kitu tena.

Nilimwomba twende naye Malindi. Akakataa. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Hukusema uongo, mwanangu." Ingekuwa afadhali angenitukana.

6 Mei

Mvua. Nimepiga ripoti kwa mzee wa kijiji na kituo cha polisi. Nimeambiwa wamesikia.

7 Mei

Mbeyu hapokei simu. Salman amekwenda, amerudi. Mbeyu yuko salama, simu haina chaji. Amemwambia Salman anisalimie.

10 Mei

Walikuja asubuhi, mvua ikinyesha, Mbeyu alipokuwa akifungua banda la kuku. Wanaume watatu, nyuso wamezifunga kwa nguo, mapanga mikononi. Alikinga kichwa kwa mkono wa kulia.

Aliyetusimulia ni Lewis. Tangu ile siku ya darasani alikuwa akipita kwa Mbeyu kila asubuhi kabla ya kwenda shule, bila kuniambia, bila kumwambia mtu. Leo alifika akawakuta juu yake. Hakuwa na silaha. Aliruka akamlalia Mbeyu kwa mwili wake, akipiga mayowe kwa majina ya kila mtu aliyemjua kijijini, mmoja mmoja. Wakamkata mgongoni, kisha wakakimbia. Majirani hawakutoka. Alimbeba Mbeyu hadi barabarani akiwa anavuja damu mwenyewe, na mwenye lori la mchanga akawachukua.

Kijana huyu nilimcheka kwenye kurasa hizi kwamba anapenda kujiona, na kwenye simu nilimwita mpumbavu.

Mbeyu yu hai. Mkono umekatwa vibaya. Madaktari wanajaribu.

12 Mei

Vidole vitatu vimeondolewa.

15 Mei, hospitalini

Jaha amekuja kutoka Kuruwitu. Alinisalimu kwa heshima, akanipa kiti, na hakunitazama usoni hata mara moja.

Jana Nyokabi alinipigia. Alilia kwanza, kwa kweli alilia. Kisha akasema, "Sidi, jipe moyo. Na unisikilize vizuri. Filamu yako sasa ni nyingine. Nenda na kamera. Mkono ule lazima uonekane, dunia ione." Maisha yangu yote ya kazi nimefanya alichosema Nyokabi, na kila mara alikuwa sahihi kuhusu mwanga, kuhusu sauti, kuhusu mahali pa kukata. Nikauchukua mfuko wa kamera.

Mbeyu aliuona begani mwangu kabla hajaona matunda.

"Umekuja kunitazama au kunipiga picha?"

Nikatoka nikampa Salman mfuko. Niliporudi nikakaa, nikamenya chungwa, nikawa namlisha. Alipomaliza akasema, "Nionyeshe ile ya uani. Sijawahi kuitazama sawasawa. Darasani nilikuwa nawaangalia wao."

Iko kwenye simu yangu, nzima. Nikamshikia. Aliitazama hadi mwisho, midomo ikifuata maneno. Jaha alisogea dirishani akatupa mgongo.

"Nilifanya vizuri," Mbeyu akasema.

"Vizuri sana, Mama. Sijaona mfano wake."

"Hata mimi naona." Akafumba macho. "Basi ifute. Na zote. Sitaki uso wangu ubaki kwenye mashine ya mtu."

Nilisema ndiyo. Nilikuwa na maneno mengine mengi, kuhusu ushahidi, kuhusu haki, kuhusu wajane wengine. Nikayameza. Ule ni uso wake.

18 Mei, Malindi

Nimefuta. Salman alikaa karibu yangu. Tulianza na siku ya jikoni. Ilipofika ya tarehe ishirini aliniuliza kama nataka kutazama kwa mara ya mwisho, nikamwambia hapana, kwa sababu ningetazama nisingefuta.

Zimebaki sauti za mvua tu. Hizo hazina mwenyewe.

30 Mei

Kenga alichukuliwa na polisi, akarudi. Hakuna aliyeona kitu. Lewis ameandikisha ushahidi dhidi ya mmoja aliyemtambua kwa sauti, na wazazi wa shule wameanza kusema hawamtaki darasani. Nilimwambia yuko huru kuhamia kwangu Malindi. Akasema, "Nikiondoka nami, dada, nani atasema?"

Nyokabi ametuma ujumbe mrefu wa kuomba radhi. Nimemjibu. Bado nampenda. Lakini sitamwuliza tena kila kitu.

11 Juni

Mvua imepungua. Watu wanapalilia. Shamba la Mbeyu linapaliliwa na Kenga.

2 Julai, Kilifi

Niliitwa kuzungumza na vijana wanaotaka kutengeneza filamu bila fedha. Nilitaka kukataa, Salman akanisukuma.

Niliwaambia ninayoyajua. Sauti mbovu huua filamu kuliko picha mbovu. Lisheni watu wenu. Anzeni na kamera mliyo nayo, msingoje nyingine. Waliandika yote.

Kisha nikawaambia kuhusu mama mmoja, bila kumtaja jina, na kalamu zikasimama. Niliwaambia kwamba idhini ya mwigizaji haitoshi. Nyinyi mtafunga vyombo mwende zenu, yeye atalala pale. Jueni majirani zake ni nani, nani ana shamba la kupakana naye, nani atafaidika akichukiwa. Kipande chochote kikitoka mkononi mwenu, kiangalieni kama atakavyokiangalia mtu anayemtakia mabaya. Na msipige picha kwenye nyumba ya mtu anayeishi peke yake eti kwa kuwa ni bure.

Msichana mmoja, Monicah, akauliza, "Kwa hiyo tuache, Madam? Hadithi kama hizo tusizifanye?"

Nilimwomba arudie swali, naye akarudia.

"Zifanyeni," nikasema. "Waliomkata wangependa sana msizifanye. Lakini kwanza mjue mnamwomba nani abebe nini."

Sikujua kama naamini hilo mpaka nilipolisema. Hata sasa naamini baadhi ya siku tu.

20 Julai, Kuruwitu

Nimekwenda kumwona Mbeyu. Anaishi nyuma ya nyumba ya Jaha. Huku hawamjui. Wanamwita Mama Jaha, na wameambiwa mkono ulikatwa na mashine ya kusaga. Makuti hawezi kusuka. Anatunza wajukuu, anachambua mchele kwa mkono wa kushoto, polepole.

Palikuwa na sherehe ya posa kwa jirani, tukaenda pamoja. Wanawake walikaa kwenye mikeka, wakiimba kwa zamu, kila mmoja akisimama kumfanyia mzaha bwana harusi mtarajiwa. Hawakuwa hodari. Mmoja alijaribu kuigiza anavyotembea akaishia kucheka mwenyewe. Nilimtazama Mbeyu. Mguu wake ulikuwa ukipiga mdundo chini ya kanga, kisha akauona, akausimamisha.

Mwenye nyumba akamwinamia. "Na wewe, Mama Jaha? Njoo utuchangamshe."

"Mimi?" Mbeyu akasema. Akatazama chini kwa haya, akaufunika mdomo kwa kanga kama mwanamke asiyezoea watu. Sauti ilikuwa ndogo, ya kukwamakwama. "Mimi sijui mambo hayo, mwanangu. Tangu utotoni mimi ni mzito tu."

"Pole, basi," mama yule akasema kwa huruma, akampita.

Wote walimwamini. Nilikuwa nimeketi karibu naye hata mabega yetu yanagusana, na kwa muda kidogo nami nilimwamini.